Istilahi za Hadubini: Sehemu Zake, Matumizi Yake, na Habari ya "Wadudu"

Mfasiri aliyepewa kazi ya kutia katika Kiswahili mwongozo wa kutumia hadubini hukwama mapema, wala hakwami kwenye maneno makubwa. Hukwama kwenye neno "kioo". Chombo hiki kina kioo cha chini kinachoakisi nuru. Kina vioo vilivyochongwa vya kukuzia. Juu ya meza yake huwekwa kioo kirefu chenye tone la damu au la maji. Na juu ya tone hilo pengine huwekwa kioo kingine, chembamba kama gamba la samaki. Vyote hivyo ni vioo kwa Kiswahili cha kila siku, maana kwetu kioo ni kile cha kujitazamia na pia ni kile kilichotiwa dirishani. Katika tafsiri moja iliyopita mezani petu palikuwa na sentensi isemayo: "Teremsha kioo mpaka kikikaribie kioo, kisha geuza kioo upate nuru ya kutosha." Mwenye kuijua hadubini ataielewa kwa kukisia. Asiyeijua, naye ndiye aliyeandikiwa, atavunja kitu.

Makala hii yakusudia kueleza sehemu za hadubini yenye lenzi mbili au zaidi, yaani ile itumikayo mashuleni na katika maabara za hospitali, pamoja na namna ya kuitumia, na kutoa maoni yetu juu ya majina yanayoifaa kila sehemu. Tumeyachunguza maneno haya Kilosa na Mikumi kwa sababu iliyo wazi. Mjini Kilosa ipo hospitali ya wilaya, na kipo chuo cha kufundishia matabibu. Ilonga, nje kidogo ya mji, kipo chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa kilimo. Mikumi, katika wilaya hiyo hiyo, imekaa kwenye barabara kuu ya Morogoro na Iringa, ikipakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na ng'ombe wa wafugaji hawako mbali na nyati wa hifadhi. Hivyo basi, katika wilaya moja hadubini hutazamiwa damu ya mtu, mkojo wa mtoto wa shule, damu ya ng'ombe, ukungu wa majani ya mahindi, na ngozi ya kitunguu darasani. Mahali ambapo chombo kimoja kimeshikwa na mikono ya kazi mbalimbali ndipo istilahi hupimwa vizuri.

Yafaa kukumbusha pia hali ya lugha shuleni. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha huvuka kwenda Kiingereza katika kidato cha kwanza. Tume ya Rais ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiendelee mpaka sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa; Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango tena, lakini madarasa mengi ya sekondari yangali yakifundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtu wa maabara hujifunza hadubini kwa lugha moja na kueleza alichokiona kwa lugha nyingine. Huko kwenye kueleza ndiko kwenye hatari kubwa zaidi, nasi tutakuja huko baada ya kukijua chombo chenyewe.

Kwanza, jina. Watu wengi tuliozungumza nao, wakiwamo wa maabara, husema "darubini". Neno hili ni la Kiajemi, nalo limeundwa kwa maneno mawili: la kwanza lina maana ya mbali, na la pili lina maana ya kuona. Darubini, basi, ni kionambali, na kwa asili yake yafaa kwa chombo cha nahodha na cha mtazama nyota. Wasemao Kiurdu hukiita chombo cha kutazamia vitu vidogo "khurdbin", yaani kionakidogo. Hadubini yetu ina mwisho ule ule wa darubini, na kamusi zimeyatenga maneno haya mawili. Twashauri yaendelee kutengwa katika maandishi. Mwongoza watalii wa Mikumi ana darubini shingoni. Mwenziwe wa zahanati ana hadubini mezani. Hakuna faida ya kuwachanganya.

Sasa sehemu. Chini kabisa ni kitako, nalo ni neno zuri ambalo mafundi wamelizoea kwa vyombo vingi. Kutoka kwenye kitako huinuka kipande kilichopinda ambacho miongozo mingi hukiita "mkono". Hapo twaona tatizo, kwa sababu agizo la kwanza ambalo mwalimu humpa mwanafunzi ni namna ya kuibeba hadubini: mkono mmoja ushike kipande hicho, mkono wa pili ukae chini ya kitako. Kwa istilahi hiyo mwalimu atalazimika kusema "shika mkono kwa mkono mmoja". Sisi twapendekeza "mpini". Jembe lina mpini, kisu kina mpini, na kila mtu ajua kwamba mpini ndipo panaposhikwa.

Mpini hushikilia neli, ambayo juu yake ina lenzi ya kuchungulia, na chini yake ina kisahani chenye lenzi tatu au nne za urefu mbalimbali. Kisahani hicho huzunguka, kila lenzi ikipata zamu yake, twakiita kizungushio. (Tumewahi kuona pahali fulani kimeitwa "kipande cha pua". Mfasiri huyo alitafsiri neno, hakukitazama chombo.) Lenzi ya juu, katika baadhi ya maandishi, huitwa "lenzi ya jicho". Hili nalo halifai, kwa kuwa katika somo la mwili wa binadamu lenzi ya jicho ni ile iliyomo ndani ya jicho lenyewe, ile ambayo mtoto wa jicho huitia ukungu. Kitabu kimoja cha sayansi hakiwezi kulitumia jina moja kwa vitu hivyo viwili. Twapendekeza "lenzi ya kutazamia" kwa ile ya juu, na "lenzi ya sampuli" kwa zile za chini. Jina hili la pili lina faida ya kumwonya mtumiaji: lenzi hiyo huikabili sampuli kwa karibu sana, na ile iliyo ndefu kuliko zote huacha nafasi isiyozidi unene wa kucha.

Chini ya lenzi ya sampuli ni ubao bapa wenye tundu katikati, ambapo sampuli huwekwa. Wengi wameuita "jukwaa". Twakubali kwamba neno hili limeenea, ila twaona kwamba limetokana na neno la Kiingereza ambalo lina maana hizo mbili, si kutokana na kazi ya kitu. Jukwaa letu ni pahali pa kuhutubia na pa kuchezea ngoma. "Meza" yatosha: ni bapa, huwekwa kitu juu yake, na hukaa mbele ya mtazamaji. Juu ya meza vipo vibanio viwili vya kuishika slaidi isiteleze. Slaidi ndiyo kile kioo kirefu tulichokitaja mwanzoni. Neno hili limekwisha kuingia katika maabara zote na hatuoni sababu ya kuliondoa. Kile kioo chembamba kinachofunika tone twakiita kifuniko cha slaidi. Kwa njia hii neno "kioo" hubaki na kazi moja tu katika hadubini, nayo ni kioo cha kuakisi kilicho chini ya meza, ambacho hugeuzwa kuelekea dirishani. Hadubini zenye taa ya umeme hazina kioo hicho. Lakini katika shule na zahanati ambako umeme hukatika, kioo kingali na thamani yake, mradi mwalimu asisahau kuwaonya wanafunzi wasikielekeze kwenye jua lenyewe.

Kati ya kioo na meza kuna sehemu mbili ambazo wanaojifunza huziruka, kisha hushangaa kwa nini hawaoni kitu. Ya kwanza ni kikusanya nuru, ambacho ni lenzi inayoukusanya mwali na kuutupa juu ya sampuli. Ya pili ni tundu linaloweza kupanuliwa na kufinywa kwa kijiti cha pembeni. Hili hupewa jina la "kiwambo", lakini kiwambo ni kitu kilichowambwa, kama ngozi ya ngoma, na katika elimu ya viumbe neno hilo limeshikwa na msuli unaotenga kifua na tumbo. Tazameni tundu hili linavyofanya kazi: nuru ikizidi hufinywa, nuru ikipungua hupanuliwa. Kazi hiyo hufanywa na mboni. Basi twaliita mboni ya nuru. Wengi wa wanaojifunza hufikiri kwamba nuru nyingi ndiyo kuona vizuri, na huiacha mboni wazi kabisa. Sampuli isiyotiwa rangi, kama mayai ya kichocho katika mkojo, huyeyuka machoni katika nuru kali. Ifinywe kidogo, nayo yataonekana kingo zake.

Skrubu ni mbili: skrubu kubwa, ambayo huipeleka meza au neli kwa mwendo mrefu, na skrubu ndogo, ambayo huisogeza kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kazi ya skrubu zote mbili ni moja, na hapa tumehitaji kitenzi. Maabara husema "kufokasi". Katika fizikia fokasi ni nukta inapokutana miali, na kuligeuza jina hilo kuwa kitenzi ni kulifungia milango miwili kwa komeo moja. "Kulenga" nako hutumiwa, ila mwenye kulenga huelekeza kitu kwenye shabaha, na hapa shabaha imekwisha kupatikana. Kinachotakiwa ni taswira iwe wazi. Twapendekeza "kudhihirisha taswira". Mwongozo utasema: zungusha skrubu kubwa mpaka taswira idhihirike. Mtu wa makamo na mtoto wa darasa la sita wataelewa sawasawa.

Kwa maneno haya, matumizi ya hadubini yaweza kuelezwa bila kukisia. Weka hadubini mahali pasipotikisika. Zungusha kizungushio mpaka lenzi fupi kuliko zote ikae sawa juu ya tundu la meza. Utasikia mlio mdogo. Weka slaidi, ibane kwa vibanio. Sasa, kabla ya kuchungulia, inama utazame kwa ubavuni, na kwa skrubu kubwa ukaribishe lenzi ya sampuli na slaidi. Ndipo uchungulie, na kuanzia hapo utenganishe tu, usikaribishe, mpaka taswira idhihirike. Agizo hili la kukaribisha ukitazama kwa nje, na kutenganisha ukitazama kwa ndani, ndilo linaloziokoa slaidi na lenzi. Tumeliandika kwa vitenzi vya kukaribisha na kutenganisha kwa makusudi, kwa kuwa katika hadubini nyingine meza ndiyo inayopanda na katika nyingine neli ndiyo inayoshuka. Anayesema "teremsha" atakuwa sahihi kwa nusu ya hadubini tu. Ukiisogeza slaidi kushoto, taswira itakwenda kulia. Ukiisukuma mbele, itarudi nyuma. Mkono huzoea baada ya siku chache.

Hesabu ya ukuzaji ni kuzidisha. Lenzi ya kutazamia ikiwa ya mara 10 na ya sampuli ikiwa ya mara 40, kitu huonekana mara 400 ya ukubwa wake. Kwa yai la kichocho cha mkojo, lenye urefu wa karibu mikromita 150, lenzi ya sampuli ya mara 10 yatosha. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi, na kimelea kichanga cha malaria kilichomo ndani yake ni kidogo zaidi. Kwa huyo hutakiwa lenzi ya mara 100, na mafuta.

Wafasiri wameandika "tia mafuta" bila kusema mafuta gani. Kwetu mafuta ni ya kupikia, ya taa, ya kujipaka na ya gari, na hakuna hata moja kati ya hayo lifaalo hapa. Nuru ikitoka katika kioo na kuingia hewani hupinda, na miali mingi hupotea nje ya lenzi. Mafuta ya mwerezi hupinda nuru kwa kiasi kile kile cha kioo, hata nuru hupita kana kwamba kioo hakikuisha. Ernst Abbe na kiwanda cha Zeiss huko Jena walitengeneza lenzi za namna hii mwaka 1878, na siku hizi mafuta yaliyotengenezwa viwandani yameshika nafasi ya mwerezi. Jina kamili ni mafuta ya kuzamishia, na liandikwe lote. Lenzi ya mara 40 isiguswe nayo kabisa.

Hata hivyo, kukuza siko kupambanua. Hadubini ya nuru, iwe nzuri namna gani, haiwezi kutenga nukta mbili zilizo karibu kuliko mikromita 0.2 hivi, zaidi ya hapo hukuza ukungu. Jambo hili latupeleka kwenye neno ambalo tulilisikia Kilosa kuliko neno lingine lolote la maabara.

Mgonjwa hutoka na karatasi yake, na nyumbani huulizwa wamekuta nini. Hujibu: "Wadudu watatu." Jirani aliyepata watano humwona mwenziwe ana nafuu, na pengine huyo wa watatu huona aibu kumeza dawa zote kwa ajili ya wadudu wachache hivyo. Je, watatu hao ni wa wapi? Mtazamaji wa slaidi huhesabu chembe nyeupe za damu mpaka 200, na pamoja nazo huhesabu vimelea anavyokutana navyo. Kwa kuchukulia kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 katika mikrolita moja ya damu, idadi ya vimelea huzidishwa kwa 40. Watatu ni 120 katika mikrolita moja, ambayo ni milimita moja ya mraba kwa kina cha milimita moja. Mtu mzima mwenye lita tano za damu ana mikrolita milioni tano. "Wadudu watatu", basi, ni kama milioni 600.

Neno lenyewe nalo lina makosa ya pili. Mdudu ni mbu. Kiumbe ambacho Alphonse Laveran alikiona kwa hadubini huko Algeria mwaka 1880, ndani ya damu ya askari, hakina miguu wala mbawa. Tunapoviita vyote viwili wadudu, tunampa mama sababu ya kufikiri kwamba mbu hutaga ndani ya mtoto wake. Tumeulizwa swali hilo Mikumi, tena na mtu mwenye akili sana. Istilahi ipo, nayo ni kimelea, kutoka kumea: kiotacho juu ya kingine. Hatusemi kwamba neno wadudu lipigwe marufuku katika mazungumzo, kwani halitasikia. Twasema kwamba karatasi ya majibu iandike vimelea, na kwamba idadi isitolewe peke yake bila kutaja ilihesabiwa katika nini. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kibao chenye mistari, kimepunguza tatizo hili kwa kuwa hakitoi idadi. Lakini hadubini haijaondoka, na hesabu ingali ikitakiwa kujua kama dawa inafanya kazi.

Zito zaidi ni namna ya kukanusha. "Hakuna wadudu" ni habari ya mwili wa mgonjwa. "Havikuonekana vimelea" ni habari ya slaidi. Mtazamaji mwaminifu wa utando mnene wa damu hutazama angalau duara 100 za nuru kabla ya kusema hakuona kitu. Aliyetazama ishirini akaandika "hakuna" amesema zaidi ya alichokijua. Na kuna magonjwa ambayo duara elfu hazitayaonyesha. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka nchini mwaka 2007, mkoa wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Kirusi chake kina upana wa karibu mikromita 0.1, chini ya mpaka tulioutaja. Mwenye homa hiyo akiambiwa "huna wadudu" atarudi kuchinja na kukamua. Kitenzi "havikuonekana" huuacha mlango wazi, na mlango huo waweza kuwa uhai wa mtu.

Tungependa wenye kutunga istilahi wajifunze kwa wafugaji. Kwao ndigana kali ni ugonjwa mmoja na ndigana baridi ni mwingine. Mkojo damu ni wa tatu. Hadubini imewathibitishia. Katika ndigana kali kimelea hutafutwa ndani ya chembe nyeupe zilizotolewa kwenye tezi iliyovimba. Katika ndigana baridi vijidudu hukaa pembezoni mwa chembe nyekundu. Katika mkojo damu hukaa ndani ya chembe hizo na kuzipasua. Nagana, iletwayo na mbung'o, huonekana katika tone bichi lisilotiwa rangi, kimelea chake kikijinyonganyonga na kuzisukuma chembe za damu huku na huku. Vilevile neno papasi. Robert Koch alipokuja tena nchini mwaka 1905 na kuviona vijidudu vilivyojisokota ndani ya mayai ya kupe huyo, Kiswahili kilikuwa na jina la kupe na leo ugonjwa wenyewe waitwa homa ya papasi, jina linalomtaja aletaye.

Istilahi mbili hazijaturidhisha. "Duara ya nuru", kwa eneo lionekanalo kwa mara moja, tumeitumia hapa juu kwa kuwa "shamba" na "uwanja" ni tafsiri za neno tu. Lakini kamera za siku hizi huonyesha eneo hilo likiwa la pembe nne. Nayo "chembe" hutumika kwa damu na kwa vumbi, ilhali "seli" imeshika vitabu vya shule na bado haijashika mazungumzo ya hospitali. Walimu na watu wa maabara watuandikie wasemavyo wao wenyewe wanapokuwa kazini, wala wasitutafutie maneno mapya kwa ajili ya barua.